Ama Baada ya Salamu

Haya ni maneno niliyoyasema Jumamosi moja ya Agosti katika ukumbi wa kanisa hapa Fort Worth, Texas, muhula wa chuo ukiwa umebakiza wiki mbili kuanza. Waliokosa kufika kwa sababu ya shifti waliniomba niyaandike. Vichekesho nimevipunguza, tarakimu nimeziongeza.

Wazee wangu, shikamooni. Mama zangu, shikamooni. Bwana asifiwe kwa wenye ukumbi, na asalaam aleikum kwa ndugu zangu mliokubali kukaa chini ya msalaba saa nzima kwa ajili ya habari za shule. Wakongomani, jambo yenu. Warundi, amahoro. Wakenya najua mmefika, maana nimeona chai imepungua. Poleni na jua la Texas, poleni na kazi za usiku. Naona wawili pale nyuma wamekuja na sare zao, wametoka kazini moja kwa moja. Watoto hawajambo? Nyumbani salama?

Mmeona nimechukua muda gani? Bado sijasema nilichokuja kusema, na hakuna aliyekasirika. Ningepanda hapa nikasema tu, "Nina hoja moja na sababu tatu," mzee wetu pale mbele angemgeukia jirani yake amuulize: huyu kijana kalelewa na nani? Basi hilo ndilo lililonileta. Katika chuo cha jamii, kile cha miaka miwili kabla ya chuo kikuu, kuna darasa moja ambalo kila mmoja wenu atalipitia, awe anasomea uuguzi, umeme, uhasibu au ualimu. Hapa Texas linaitwa ENGL 1301, uandishi wa insha. Namba hiyo ni ile ile katika vyuo vya jamii vya jimbo zima, na likishakupita vizuri unahama nalo hadi chuo kikuu. Katika darasa hilo, anayeanza na salamu anapata D.

Nalijua hilo kwa sababu D hiyo niliipata mimi.

Hebu kwanza tukumbushane. Wangapi hapa waliwahi kuandika barua ya karatasi, ya bahasha na stempu? Haya, wakubwa wote. Vijana, sikilizeni muone wazazi wenu walivyokuwa na adabu. Inaanzaje? "Kwako mpendwa kaka. Salamu nyingi sana zikufikie hapo ulipo. Mimi huku ni mzima wa afya, hofu na mashaka ni kwako wewe uliye mbali na upeo wa macho yangu." Halafu? Semeni wote. "Ama baada ya salamu, dhumuni la barua hii ni..." Ni nini? Ni kuomba ada. Siku zote ni ada.

Sasa shikeni neno hilo, dhumuni. Nimefundisha Kiingereza kwa wageni na uandishi wa insha, jioni baada ya jioni, katika chuo kimoja cha jamii hapa kwetu, na nimesoma vitabu vinene vya kueleza kile kitu Wamarekani wanakiita "thesis". Mwanafunzi wangu akitoka Uvira, Tabora au Kisumu, namwambia hivi: ni dhumuni la barua hii. Unalijua tangu darasa la tano. Tofauti ni kwamba huku dhumuni wanalipandisha juu, karibu na anwani, na salamu hawataki kuziona kabisa.

Mimi nilifika nchi hii nikitokea Tanga, nikajiandikisha chuo, nikapewa insha ya kwanza: eleza badiliko moja katika mji ulikozaliwa. Nikafurahi. Sekondari mwalimu wa Kiswahili alikuwa akizisoma insha zangu mbele ya darasa. Nikaanza, kama tulivyofundishwa, na methali: haba na haba hujaza kibaba. Nikaitafsiri neno kwa neno. Nikaendelea na babu yangu aliyekata mkonge, na ile harufu ya singa zikianikwa, na reli, na jinsi malipo yalivyokuwa yakifika Ijumaa na mji mzima kunuka pilau. Nikaeleza kamba za nailoni zilivyoingia sokoni na bei ya mkonge ikaanguka. Kurasa tatu. Mwishoni kabisa, kwenye mstari wa mwisho, nikaandika kwamba mji unaotegemea zao moja unampa mnunuzi wa mbali kisu cha kuuchinjia.

Karatasi ikarudi. Pembeni ya methali yangu mwalimu ameandika kwa penseli: kibaba gani? nani anakijaza? Na ule mstari wangu wa mwisho ameuzungushia duara, akatoa mshale mrefu, umepanda pembeni mwa ukurasa wa tatu, umerudi ukurasa wa pili, umefika juu kabisa ya ukurasa wa kwanza. Kwenye ncha ya mshale kaandika maneno mawili tu: anzia hapa.

Nilikasirika wiki nzima. Nilijisemea, huyu mama hana subira, hajui kwamba msomaji anapaswa kutembezwa shambani kwanza kabla ya kuoneshwa moto. Nilichelewa kuelewa kwamba hakusema babu yangu hafai. Babu alibaki kwenye insha. Alichotaka ni kwamba msomaji akikutana na babu awe ameshajua kwa nini anaoneshwa babu.

Kuna msomi mmoja, Robert Kaplan, mwaka 1966 alichapisha makala yenye vijimichoro vya jinsi mataifa yanavyopanga mawazo yakiandika. Kiingereza alikichorea mstari ulionyooka kutoka juu hadi chini. Wengine akawachorea zigizaga, wengine mduara unaozunguka kama konokono. Makala hiyo ilisomwa sana na walimu wa lugha, na imepingwa sana pia. Mbantu hakuchorewa mstari wowote, na mimi nasema heri. Kwa sababu nimewasikia walimu, watu wazuri kabisa, wakisema wanafunzi wa Kiafrika "wanazunguka". Hatuzunguki. Anayesoma barua ya Kiswahili anajua dhumuni liko mstari gani, analifikia kwa kidole. Tumeliweka baada ya kuulizana hali, kwa sababu kwetu huombi kitu kwa mtu ambaye hujamuuliza kama kaamka salama.

Na msidhani darasa hili lilibuniwa kwa ajili ya kutusumbua wageni. Lilianzia Harvard miaka ya 1880, kwa vijana wa Kimarekani wenye Kiingereza cha kuzaliwa, watoto wa wenye nazo, kwa sababu walimu wao walikuwa wanalalamika kwamba vijana hawajui kuandika. Wanalalamika mpaka leo. Ukiingia darasani ukamkuta Mmarekani pembeni yako anahema juu ya aya ya kwanza, jua mpo pamoja.

Sasa nije kwenye kuingia darasani kwenyewe, maana huko ndiko pesa na miaka yetu inakopotelea.

Unapofika chuo, kama huna alama nyingine zinazokuruhusu, unafanya mtihani unaoitwa TSIA2. Sehemu ya Kiingereza ina maswali 30 ya kuchagua, halafu insha ya maneno 300 hadi 600. Ukipata 945 au zaidi kwenye maswali, na insha yako ikapata angalau 5 kati ya 8, unaingia 1301 moja kwa moja. Ukiwa chini ya hapo unapewa maswali mengine 48, ili wajue hasa umepungukiwa wapi, na bado inawezekana ukavuka.

Nisikilizeni vizuri hapa: mtihani huu hauna saa. Hakuna mtu anayekuhesabia dakika. Lakini nimewaona ndugu zetu wanaufanya kama wanafukuzwa, kwa sababu saa tisa alasiri lazima wawe ghalani kupakia maboksi. Dakika 40, wametoka. Dakika 40 hizo zinamgharimu mtu muhula mzima. Omba ruhusa kazini. Nenda siku ambayo huna shifti, umelala, umekula. Na kabla ya mtihani kuna zoezi la lazima la kujiandaa; watu wanalibofyabofya tu liishe. Lifanye. Humo mna mifano ya maswali yenyewe.

Insha ile inasahihishwa na kompyuta. Kompyuta haimjui babu yako, wala kibaba. Inatafuta dhumuni lako, inatafuta kama aya zako zinalisaidia. Kwa hiyo siku hiyo, ndugu zangu, salamu ziacheni kwenye gari.

Watu wa aina tatu wananijia na karatasi za matokeo, na kila mmoja ana maumivu yake.

Wa kwanza ni Mkenya. Kasoma kwa Kiingereza tangu chekechea, mtihani wake wa kumaliza sekondari, KCSE, una alama nzuri, kisha kwenye fomu panapouliza lugha ya nyumbani akaandika Kiswahili. Anaambiwa aende ESL, yaani Kiingereza cha wageni. Huyo anakuja kwangu akiwa amekasirika, na mara nyingi ana haki. Dada, kaka, usiende kugomba. Omba kukutana na mshauri wa masomo, uliza kama unaweza kufanya TSIA2 badala ya mtihani wa wageni. Wanaokubali ni wengi kuliko unavyodhani, ila hawatakuambia mpaka uulize. Na ukishaingia 1301, punguza yale maneno ya kiofisi ya Kiingereza tulichorithi kwa Waingereza. Huna haja ya kuandika kwamba "unaomba kwa unyenyekevu".

Wa pili ni Mkongomani aliyepitia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, au Nakivale, Uganda. Kwa wengi wa Nyarugusu shule ilikuwa ya Kifaransa, kwa mtaala wa Kongo, na nje ya darasa Kiswahili, Kibembe, Kifuliiru. Kiingereza ni lugha yake ya nne au ya tano. Huyu anaandika vizuri sana, ila kwa Kifaransa. Ninamwambia usione haya kuanza chini. Lakini anza chini mahali pa bure.

Wa tatu ndiye anayenisumbua usingizi. Ni kijana wetu aliyefika hapa na miaka 12, kamaliza sekondari hapa hapa, anaongea kama amezaliwa Dallas, mpaka mama yake anamuomba apige simu benki. Fomu inamwona Mmarekani. Akikaa kuandika, anaandika anavyoongea, na hakuna aliyewahi kumfundisha kuandika kwa lugha yoyote ile. Darasa la wageni ni aibu kwake, kwa sababu anasikia kila kitu. Darasa la insha linamzamisha. Huyo wazazi msimwambie, "Wewe unajua Kiingereza, shida yako ni uvivu." Hapana. Kuongea na kuandika ni kazi mbili. Yule fundi cherehani wa pale kwenye kona anavaa nguo kama wewe, lakini je, wewe unaweza kukata suti?

Sasa hela. Niliposema bure nilimaanisha bure. Texas ina madarasa ya elimu ya watu wazima ambayo hayana ada. Mengine yako ndani ya vyuo hivi hivi, mengine kwenye maktaba na makanisa. Hayana krediti, yaani vile vipimo vya masomo vya chuo, na kwa sababu hayana krediti hayagusi msaada wako wa masomo. Upande wa pili kuna ESL yenye krediti, ambayo unailipia. Yote mawili yanafundisha Kiingereza. Tofauti ni mfuko.

Wengi wenu mliokuja kama wakimbizi mmejaza FAFSA, ile fomu ya kuomba msaada wa masomo wa serikali kuu, na mmepata Pell, hela ya msaada yenyewe. Kwa mwaka wa masomo 2025–26 kiwango cha juu ni dola 7,395. Hela hiyo huirudishi. Ndiyo maana watu wanaiona kama maji ya mvua, hayana mwenyewe. Lakini ina kikomo: katika maisha yako yote unapewa sawa na mihula 12 ya masomo kamili, basi. Madarasa ya ESL yenye krediti uliyoyalipia kwa Pell yanahesabiwa humo humo. Namfahamu baba mmoja aliyesoma ngazi zote za ESL, moja baada ya nyingine, kwa utulivu, bila kufeli hata moja. Alipofika kwenye uuguzi wenyewe, Pell ilikuwa inaelekea ukingoni. Hakuna aliyemdanganya. Hakuna aliyemwambia, tu. Sisemi ESL yenye krediti ni mbaya. Mimi mwenyewe naifundisha na naula mshahara wake. Nasema ngazi za chini zipandie kwenye madarasa ya bure, zile za juu za kuandika na kusoma ndizo ulipie.

Na ngazi zenyewe zina hila. Hebu tuhesabu pamoja. Chukua watu 100 waanze ngazi ya kwanza kati ya nne. Kila ngazi wafaulu na kuendelea 80 kwa kila 100, ambayo si vibaya, mwalimu yeyote angejisifu. Baada ya ngazi ya kwanza wamebaki 80. Ya pili, 64. Ya tatu, 51. Ya nne, 41. Zaidi ya nusu wamepotea, na darasa la insha hawajaliona hata mlango. Hawakupotea kwa ujinga. Mtoto aliugua, gari liliharibika, meneja alibadilisha ratiba. Kila pengo kati ya muhula na muhula ni shimo la kutumbukia.

Walimu waliliona hili. Mwaka 2007, katika Community College of Baltimore County kule Maryland, Peter Adams na wenzake walijaribu kitu kingine: mwanafunzi aliyepungukiwa wasimuweke nyuma, wamuingize darasa la insha lenyewe, kisha muhula huo huo wampe darasa dogo la pembeni, na mwalimu yule yule, la kumsaidia. Wakaona wanaofika mwisho wanaongezeka. Texas ikatunga sheria mwaka 2017 ya kuvilazimisha vyuo vipeleke wanafunzi kwenye mpango wa aina hiyo, kidogo kidogo, mpaka kufika mwaka 2020 iwe angalau asilimia 75 ya wanaohitaji msaada. Kwa hiyo mshauri akikwambia uchukue 1301 pamoja na darasa la nyongeza, usikatae ukidhani ni adhabu. Ni lifti. Ila lifti hiyo ina masaa mengi. Muhula huo usichukue na baiolojia.

Jambo moja la sheria, nilipite haraka. Texas tangu mwaka 2007 haikuruhusu kuacha zaidi ya madarasa sita katika masomo yako yote ya shahada ya kwanza. Watu wetu wanaacha darasa kama wanavyoshuka daladala. Lakini sheria ina tundu ambalo linatuhusu: ukiacha kwa sababu ratiba ya kazi imebadilishwa bila wewe kutaka, au kwa ugonjwa mkubwa, au msiba wa karibu, halihesabiwi. Lazima uombe, ulete karatasi. Barua ya meneja itunzeni kama cheti cha kuzaliwa.

Sasa turudi kwenye daftari.

Mwaka 1970 City University of New York ilifungua milango kwa kila aliyemaliza sekondari katika jiji lile. Wakaingia maelfu ya watoto wa maskini, Weusi, Wapuertoriko, wahamiaji, na insha zao zilijaa makosa mpaka baadhi ya walimu wakasema hawa hawafundishiki. Mwalimu mmoja, Mina Shaughnessy, akakaa na insha zao kama 4,000 hivi, akazisoma moja moja. Akagundua kwamba makosa yana utaratibu. Mwanafunzi hakosei ovyo, anafuata kanuni. Tatizo kanuni yenyewe ni ya mahali pengine.

Mimi nimezisoma za Waswahili tu, na nakubaliana naye kabisa. Mwanafunzi anaandika "My father he works". Mwalimu anakata ile "he", anaandika pembeni: unarudia. Lakini sisi tunasema baba yangu *a*nafanya kazi. Ile "a" tunaisikia, haiwezi kutoka, kwa hiyo tunaitafutia kiti kwenye Kiingereza. Mwingine anaandika dada yangu "he", kaka yangu "she", anaonekana hajui dada ni nani. Kwetu yeye ni yeye. Mwingine anaandika "We went with my brother", mwalimu anauliza: nyinyi na kaka mlikuwa wangapi? Wawili! Tulikwenda na kaka yangu ni mimi na kaka. Mwingereza anahesabu watatu. Nimeona insha nzima ya ajali ikapoteza alama kwa sababu mwalimu alikuwa anamtafuta yule mtu wa tatu ndani ya gari.

Ukishaona kanuni, kosa linashikika. Mwanafunzi wangu namwambia atengeneze daftari la makosa yake mwenyewe, mistari miwili: upande huu Kiswahili kinasemaje, upande huu Kiingereza kinatakaje. Si makosa yote ya dunia. Matano yake. Na "the" na "a" ziwe za mwisho kabisa. Mimi mwenyewe baada ya miaka hii yote bado zinanipiga chenga, na sijafukuzwa kazi.

Kuhusu kunakili, nitasema kwa ukali kidogo. Kwetu kukariri maneno ya mwalimu na kuyarudisha yalivyo ilikuwa heshima, na tulipata alama. Hapa ukichukua sentensi ya mtu bila kusema ni yake ni wizi, na unaweza kufukuzwa chuo. Na hizi programu za akili mnemba msidhani hatuzioni. Mtu ambaye jana ameniandikia barua pepe kwa Kiingereza chake cha kuhangaika, leo ananiletea insha laini kama siagi. Ile ya kuhangaika ndiyo ninayoweza kuisaidia. Nendeni kituo cha uandishi cha chuo. Ni bure, unakaa na mtu nusu saa juu ya ukurasa wako. Usimpe akusahihishie. Muulize: dhumuni langu umeliona wapi?

Nimalizie na mama mmoja, ambaye amenipa ruhusa nisimulie nisipotaja jina.

Kambini alikuwa ndiye anayeandikia watu barua za maombi, block nzima inapanga foleni mlangoni kwake. Hapa anafanya kazi usiku katika nyumba ya wazee, anawageuza, anawaosha. Anataka uuguzi. Nikampa insha ya kutoa hoja juu ya jambo analolijua. Akaleta kurasa mbili. Ukurasa wa kwanza Mungu ameumba mbingu na nchi, ameumba binadamu, binadamu anazaliwa, anakua, anazeeka. Ukurasa wa pili wazee wa Afrika wanavyotunzwa. Mwisho wa ukurasa wa pili ndipo tunaingia Texas, na karatasi imekwisha.

Nikamwambia, "Mama, ulipoitwa kwenye mahojiano ya kesi yako, ulianza na uumbaji?"

Akacheka mpaka akavua miwani. "Mwalimu, ningeanzia huko mpaka leo ningekuwa kambini."

"Ulianzaje?"

Akakaa sawa. Sauti ikabadilika. Akanieleza, kama mtu anayemfundisha mtoto: unasema kwanza kwa nini huwezi kurudi. Neno moja. Halafu tarehe. Halafu mahali, nani alikuwepo, nani aliona. Ukisema jambo, unaweka ushahidi wake hapo hapo, usiseme utauleta kesho. Na lile ambalo wanaweza kulitumia kukupinga unalisema mwenyewe kabla hawajakuuliza, kwa sababu ukiulizwa utaonekana umelificha.

Nilikuwa nimeshika kalamu nikaiweka chini. Hayo ndiyo maudhui ya muhula mzima wa 1301, ninayoyafundisha kwa wiki 16 na projekta.

Hapa naomba niweke neno pembeni. Madarasa mengi ya insha yanaanza na habari ya maisha yako, na walimu wengine wakisikia umetoka kambini macho yanawaka. Hudaiwi vidonda vyako na mtu yeyote. Ukitaka kuandika vita, andika. Usipotaka, andika jinsi ya kupika sombe, andika jinsi ulivyojifunza kuendesha gari kwenye barabara kuu namba 35. Alama ni zile zile. Mama yule sikumuomba kesi yake. Nilimuomba njia yake ya kuieleza.

Wiki iliyofuata alileta karatasi mpya. Hakuna mbingu wala nchi. Sentensi ya kwanza, nawatafsiria: "Msaidizi mmoja hawezi kugeuza wazee 14 usiku mmoja bila kumuumiza mmoja wao, au kujiumiza mgongo." Halafu saa: saa nne usiku, saa sita, saa nane. Chumba kwa chumba. Halafu lile ambalo meneja angelisema, kwamba pesa hazitoshi, kalisema yeye kwanza. "A" za kizungu zilikosekana saba, nilizihesabu. "My patient he" ilikuwepo mara mbili. Nikachukua penseli nichore ule mshale wangu wa kupanda juu, nikakosa pa kuuchorea.

Haya. Ukumbi tunaurudisha saa kumi na moja, wenye kwaya wanasubiri nje. Aliyekuja na karatasi yake ya matokeo aitoe, tukae kwenye zile meza za dirishani tuisome mmoja mmoja, tukianza na wale wawili wenye sare, maana najua wanarudi kazini. Mama mchungaji, kama chai ingalipo, wapewe kwanza.